Taya la Kibuuka, kichwa cha Luzira na mafumbo mengine ya makumbusho ya Uganda

Nikiwapeleka wageni Makumbusho ya Uganda, pale Kira Road jijini Kampala, kuna swali ambalo halikosi: ni kweli humu ndani kuna mifupa ya mungu? Jibu ni ndiyo, ila ndiyo hiyo inahitaji maelezo. Makumbusho yanahifadhi masalia yanayosemwa kuwa ya Kibuuka, lubaale wa vita wa Waganda, na miongoni mwake limo taya. Ukishakubali hilo, maswali yanafuatana. Mungu anakuwaje na taya? Nani alilitoa hekaluni? Lilifikaje Cambridge, na mbona lilirudi? Na kama Kibuuka alikuwa mtu kama sisi, kwa nini wazee wanasema alipigana akiwa juu ya wingu?

Kila swali hapo lina ushahidi wake, na mkanganyiko unaanza tunapochukua ushahidi wa swali moja tukaujibia lingine. Mfupa unaweza kuthibitisha kwamba mtu fulani aliishi na akafa, lakini hauwezi kukwambia kama aliruka. Hadithi inaweza kukueleza kwa nini watu waliutunza mfupa huo kizazi baada ya kizazi, lakini haikupi mwaka. Na daftari la mzungu aliyeuchukua linakupa mwaka na jina la mji, huku likinyamaza kuhusu yale ambayo mwenye kuutoa hakutaka kuyasema mbele yake. Vitu vya kale vya Uganda vimegubikwa na mafumbo kwa sababu aina hizi tatu za ushahidi zilitenganishwa mapema sana: kitu kikaenda upande mmoja, hadithi ikabaki kijijini, maandishi yakaenda kwenye kabati la tatu. Nitajaribu kuzikutanisha tena kwa vitu vichache ninavyovipenda.

Tuanze na makumbusho yenyewe. Yalianza mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, ofisa wa kikoloni wa Kiingereza, juu ya kilima cha Old Kampala, pale ulipo sasa Msikiti wa Taifa. Miaka michache kabla ya hapo, ofisa wa kikoloni George Wilson alikuwa ametoa wito kwamba vitu vya kuvutia vya nchi hii vikusanywe. Vilivyokusanywa vingi vilikuwa vya ibada: pembe zenye dawa ndani, hirizi, vifaa vya mahekalu. Wenyeji wa Kampala wakapaita Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya zile pembe zenye nguvu, na hawakulitoa jina hilo kwa mzaha. Kwao vitu vile vilikuwa bado vinafanya kazi. Kuviweka pamoja kwenye chumba kimoja, bila walinzi wao, bila sadaka, lilikuwa jambo la kutisha kweli. Sheria za kikoloni dhidi ya uchawi nazo zilifanya kumiliki vifaa vya aina hiyo kuwa hatari mbele ya serikali, kwa hiyo chumba kikazidi kujaa. Baadaye mkusanyiko ulihamia Makerere chini ya mwalimu wa sanaa Margaret Trowell, kisha mwaka 1954 ukaingia katika jengo la sasa lililochorwa na msanifu Mjerumani, Ernst May. Ndiyo makumbusho ya kale kuliko yote Afrika Mashariki.

Ukijua historia hiyo unaelewa pia kwa nini maelezo ya vitu vingi vya zamani ni mafupi mno. Mtu anayesalimisha kitu cha ibada kwa ofisa hatoi na siri zake. Huandikwa "pembe, Buganda", basi. Miaka mia baadaye sisi tunasimama mbele ya kabati tunasema, loo, kitu cha ajabu, hakijulikani asili yake! Kilijulikana. Waliokijua hawakuulizwa, au waliulizwa wakanyamaza.

Kibuuka ni bahati ya pekee, kwa sababu kwake yeye hadithi, kitu na maandishi vyote vitatu vipo.

Kisa kinaanzia kwa Kabaka Nakibinge, wa nane katika orodha ya kawaida ya wafalme wa Buganda, ambaye kwa kuhesabu vizazi wanahistoria humweka karibu na mwanzo wa karne ya 16. Buganda ilikuwa nchi ndogo wakati huo, na Bunyoro ilikuwa dola kubwa lililoibana. Nakibinge alipozidiwa vitani alituma wajumbe Visiwa vya Ssese, kwa Mukasa, lubaale wa ziwa, kuomba msaada. Akapewa Kibuuka, ndugu yake Mukasa, pamoja na onyo: adui wasijue mahali anapopigania, na asijihusishe kabisa na wanawake wa Kinyoro. Vita vilipopamba moto Kibuuka akapaa hadi kwenye wingu na kuwamiminia Wanyoro mishale kutoka juu. Wakawa wanaanguka bila kujua wanapigwa na nani.

Kisha wakatekwa wanawake, na mmoja wao akamvutia Kibuuka. Akamchukua. Mwanamke yule akamdadisi mpaka akaijua siri, usiku akatoroka kurudi kwao, akawaambia: mtu mnayemtafuta yuko juu, pigeni mawinguni. Siku iliyofuata wapiga mishale wa Bunyoro wakaelekeza pinde zao juu. Kibuuka akajeruhiwa vibaya, akaenda kuanguka juu ya mvule mkubwa huko Mbaale, Mawokota, katika wilaya ya leo ya Mpigi. (Si Mbale ile ya mashariki chini ya Mlima Elgon; wageni wengi huchanganya, na hata baadhi ya madereva.) Huko ndiko alikofia, na huko ndiko hekalu lake lilikojengwa. Nakibinge naye hakunusurika. Inasimuliwa kwamba silaha zilipomwishia, mkewe Nannono alikaa akimchongea matete, naye akawa anapigana nayo mpaka alipouawa.

Nataka msomaji akae kidogo na hayo matete. Watu wanaotunga sifa za ufalme wao hawana sababu ya kubuni kwamba mfalme wao aliuawa huku mkewe akimnolea vijiti. Hadithi za kujisifu huishia kwa ushindi. Hii inaishia kwa kushindwa mara mbili, shujaa na mfalme, na Waganda waliendelea kuisimulia hata baada ya wao kuwa ndio wenye nguvu na Bunyoro kuwa dhaifu. Hapo mimi huona alama ya tukio la kweli, kipigo kikubwa kutoka Bunyoro ambacho hakikuweza kusahaulika. Wingu ni jambo lingine. Wingu linatueleza jinsi watu wa nchi kavu walivyowaona watu wa Ssese: wenye nguvu za ziwa, mvua na tufani, wasiotabirika, wa kuombwa na kuogopwa. Uhusiano huo wa Buganda na visiwa ni historia nzito kuliko orodha ya mapigano.

Sasa taya. Siku moja kikundi cha wanafunzi kutoka Mwanza kilikuwa kinasikiliza maelezo haya, na kijana mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ni imani tu za zamani." Bibi mmoja Mganda aliyekuwa karibu na wajukuu zake akamgeukia, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kampala: "Mjukuu wangu, mfalme akifa kwenu, ninyi mnabaki na nini chake?" Kijana akakosa jibu. "Sisi," akasema yule bibi, "tulibaki na mdomo wake."

Hakuna mwongozaji ambaye angelieleza vizuri zaidi. Katika desturi ya kifalme ya Buganda, Kabaka alipofariki taya la chini lilitolewa, likasafishwa, likapambwa na kuwekwa katika nyumba yake maalumu, mbali na kaburi la mwili. Pamoja nalo kilitunzwa kitovu chake, kile kilichokatwa siku aliyozaliwa, ambacho kilihesabiwa kuwa pacha wake. Roho ya mfalme iliaminika kukaa karibu na taya na kusema kupitia mtu aliyechaguliwa kuipokea, na Kabaka aliyeko madarakani alikwenda kutaka ushauri hapo. Kwa hiyo taya lilikuwa chombo cha utawala. Mutesa wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1884, ndiye Kabaka wa kwanza kuzikwa na taya lake mahali pake, kule Kasubi, wakati Uislamu na Ukristo vilikuwa vimeshaingia ikulu.

Na ndani ya kifurushi cha Kibuuka kilikuwamo nini? Taya, kitovu, na viungo vya uzazi, vikiwa vimehifadhiwa ndani ya ngozi. Hilo lilimsisimua sana James Frazer wa Cambridge, mwanazuoni wa dini za kale, ambaye aliona hapo ushahidi kwamba miungu wengine walikuwa kwanza watu, wakafa, wakaenziwa, wakapanda daraja. Hoja yake ina uzito, kwa sababu Kibuuka alitunzwa kwa namna ileile walivyotunzwa wafalme. Lakini tusilikubalie taya zaidi ya linavyoweza kusema. Linathibitisha kwamba palikuwa na maiti na kwamba kuna watu walioiheshimu kuliko maiti za kawaida. Jina la mwenyewe limetoka kwa walinzi wa hekalu, si kwa mfupa. Anayesema "sayansi imethibitisha Kibuuka aliishi" amechukua neno la walinzi akalivisha koti jeupe la maabara.

Masalia hayo yaliondokaje Mbaale? Mwishoni mwa miaka ya 1880 Buganda ilipasuka kwa vita vya dini. Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki walipigania ikulu, na mahekalu ya zamani yakabaki bila mlinzi mwenye nguvu serikalini. Wakristo waliposhika madaraka, Katikkiro (waziri mkuu) Apolo Kagwa, mtu aliyependa sana historia ya nchi yake na wakati huohuo alitaka ibada zake za kale zikome, alimsaidia mmisionari John Roscoe kukusanya habari na vitu. Kifurushi cha Kibuuka kikaishia mikononi mwa Roscoe, kikapelekwa Cambridge, naye akachapisha maelezo yake mwaka 1907. Wengine huita huu wizi, wengine ununuzi halali. Kwa maoni yangu maneno yote mawili yanaficha jambo kuu. Mlinzi wa hekalu ambaye dini yake imeshindwa vitani, wakuu wake wamebadili imani, na serikali mpya inamtazama kama mshirikina, hana uhuru wa kukataa. Hata akilipwa, bei hiyo imepangwa na vita.

Mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru, Cambridge iliyarudisha masalia hayo. Yalirudi Kampala, kwenye makumbusho. Hayakurudi Mbaale. Ndiyo maana mpaka leo watu wawili wanaweza kusimama mbele ya kabati moja, mmoja akaona kielelezo cha historia na mwingine akaona babu aliyefika nusu ya safari.

Kichwa cha Luzira ni kinyume chake kabisa. Hapa kitu kipo, maandishi yapo kidogo, na hadithi hakuna.

Mwaka 1929 wafungwa walikuwa wakichimba kwenye kilima cha gereza la Luzira, mashariki ya Kampala, karibu na ziwa. Majembe yao yakaibua vipande vya udongo uliochomwa: vigae vya vyungu, na katikati yake sura ya mtu. Mwanajiolojia wa serikali, E. J. Wayland, alivichukua, na mwaka 1931 vikaingia British Museum, London, viliko mpaka sasa. Vipande vilipounganishwa kilitokea kichwa chenye macho yaliyojitokeza na juu yake misokoto minene ya udongo iliyopangwa safu kwa safu, kama nywele zilizosukwa kwa uangalifu mkubwa. Kulikuwa pia na sehemu za mwili. Wayland na wenzake waliuchapisha ugunduzi huo mwaka 1933, na mshangao wao ulikuwa wazi, kwa kuwa eneo lote la maziwa makuu halikujulikana kuwa na desturi ya kufinyanga sanamu za watu. Waganda ni mafundi wakubwa wa vyungu, nguo za gome la mti, ukili na ngoma. Sanamu za watu si kazi yao inayojulikana. Hakuna ukoo uliojitokeza kusema, huyu ni wetu. Hakuna wimbo, hakuna methali.

Pengo la namna hiyo huvuta dhana kama sukari inavyovuta sisimizi. Kichwa kikaitwa cha wageni, cha watu wa mbali, cha ustaarabu uliopotea. Kwa miongo mingi hakuna aliyejua hata kama ni cha miaka mia mbili au elfu mbili, kwa kuwa kilitolewa ardhini na watu wanaosawazisha kilima, si na wanaakiolojia wanaoandika kila tabaka la udongo. Ukishaondoa kitu kwenye tabaka lake, saa yake imesimama. Na huwezi kwenda Luzira kuchimba upya kwa raha zako. Ni gereza kuu lenye ulinzi mkali.

Ufumbuzi, kadiri ulivyopatikana, ulitoka kwenye vile vigae ambavyo watu walikuwa wakivipita kwenda kutazama sura. Wanaakiolojia Andrew Reid na Ceri Ashley walivirudia vyungu vilivyopatikana pamoja na kichwa, wakavilinganisha na vyungu vya maeneo mengine ya kando ya ziwa ambavyo umri wake unajulikana. Mwaka 2008 wakaeleza kwamba vinaangukia kwenye kipindi cha mpito, mwishoni mwa milenia ya kwanza baada ya Kristo, wakati ufinyanzi wa kale wa Urewe ulipokuwa unabadilika. Jina Urewe limetoka Siaya, nchini Kenya, na vyungu vya aina hiyo vimeenea kuanzia huko kuzunguka ziwa hadi Rwanda, Burundi na kaskazini magharibi ya Tanzania. Kwa maana hiyo kichwa cha Luzira kina takriban miaka elfu moja, na waliokitengeneza walikuwa watu wa hapahapa ziwani, wakulima, wavuvi na wafua chuma, karne nyingi kabla ya Nakibinge.

Mimi naona jibu hilo linasisimua kuliko dhana zote za wageni kutoka mbali. Linatuambia kwamba kabla ya Buganda tunayoijua, palikuwa na jamii kando ya ziwa iliyokuwa inajaribu njia mpya za kuonyesha mamlaka, labda heshima ya kiongozi au ya mababu, na kwamba jaribio hilo lilikoma. Desturi ikafa, na kumbukumbu yake ikafa nayo. Simulizi hudumu zikiwa na mtu anayefaidika kwa kuzisimulia: ukoo, hekalu, ufalme. Waliofinyanga kichwa hiki inaonekana hawakuacha mrithi wa namna hiyo.

Wachwezi, kwa upande wao, wamekosa kitu kimoja tu: mwili. Hadithi wanazo tele.

Kila anayepita Mubende, Ssembabule au Ankole amewasikia. Ndahura, Wamala na jamaa zao, watawala wa dola la Kitara, wenye ng'ombe wengi, ujuzi wa kila aina na uwezo wa kupotea. Walitawala kwa muda mfupi, mambo yakawaharibikia, wakatoweka, wengine wanasema ziwani. Mpaka leo roho zao zinaombwa. Kwenye kilima cha Mubende, chini ya mti mkubwa wa Nakayima wenye mizizi iliyosimama kama kuta za vyumba, utakuta watu wakipeleka haja zao kwa Ndahura.

Kisha ziko kazi za ardhini. Huko Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga, kuna mahandaki ya kale yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, mengine yamekatwa ndani ya mwamba. Ntusi, si mbali na hapo, kuna vilima vikubwa vya taka za kale vilivyojaa mifupa ya ng'ombe na vigae. Vitu kutoka maeneo haya ndivyo vinavyokaa makabatini Kampala: vigae vyenye michoro iliyoviringishwa kwa kamba, mawe ya kusagia, vyuma. Peter Shinnie alichimba Bigo mwaka 1957, na Merrick Posnansky, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, akachimba mwaka 1960. Mahandaki yakaonekana kuwa ya kati ya karne ya 14 na ya 16 hivi. Simulizi za Wachwezi, kwa kuhesabu vizazi, zinaangukia kipindi kilekile. Hitimisho likaja lenyewe: Bigo ni mji mkuu wa Wachwezi.

Hapo ndipo fundo lilipokazwa. Kulingana kwa tarehe hakumtambulishi mwenye nyumba. Mwanahistoria C. C. Wrigley aliandika mwaka 1958 kwamba Wachwezi hawakuwa wafalme hata siku moja. Walikuwa miungu tangu mwanzo, na wafalme wa baadaye ndio waliowaingiza kwenye orodha ya mababu. Sababu inaeleweka. Nasaba ya Babito, iliyotawala Bunyoro baada yao, ilitoka kaskazini miongoni mwa Waluo. Mgeni anayetaka kutawala hujitafutia ujamaa na waliotangulia, na hakuna ujamaa mzuri kama wa watu watakatifu ambao wametoweka na hawawezi kukukana. Huku nyuma mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke alikuwa ameshaandika mwaka 1863 kwamba wafalme wa eneo hili asili yao ni wavamizi kutoka upande wa Ethiopia. Dhana hiyo, iliyotokana na kuamini kwamba Mwafrika wa hapa hawezi kujijengea dola, iliwapaka Wachwezi weupe. Ukisikia leo mtu anakwambia Wachwezi walikuwa wazungu, au Wareno, ujue anarudia mzungu wa karne ya 19 akidhani anamnukuu babu yake.

Uchimbaji wa baadaye, hasa wa Ntusi, Munsa na Mubende, umeonyesha watu waliokuwepo karne nyingi, wakilima na kufuga, wakipanuka polepole tangu karibu na karne ya 11. Mji haukushushwa na watu wa ajabu. Ulikua. Ninavyoona mimi, mahandaki ya Bigo ni ya viongozi wa kweli walioweza kukusanya nguvukazi kubwa, na Wachwezi ni namna ambayo vizazi vya baadaye viliwakumbuka na kuwaabudu viongozi wa aina hiyo, majina yakichanganyika njiani. Tusiwafute, wala tusiwatafutie cheti cha kuzaliwa.

Wakati mwingine mbingu zenyewe hutoa tarehe. Karibu na Mbarara, mahali paitwapo Biharwe, inasimuliwa kwamba Omukama (mfalme) Olimi wa Bunyoro alipovamia Ankole jua liliingia giza mchana, jeshi likatimka na kuacha ng'ombe waliotekwa, hata watu wakasema ng'ombe wameanguka kutoka mbinguni. Wanaastronomia wakipiga hesabu nyuma wanapata kupatwa kwa jua tarehe 17 Aprili 1520, nako ndiko kunakohusishwa zaidi na kisa hicho. Leo pana mnara hapo Biharwe.

Kuna vitu viwili zaidi ambavyo mafumbo yake ni ya kisiasa kuliko ya kale. Bagyendanwa, ngoma ya kifalme ya Ankole, ambayo simulizi husema iliachwa na Wamala, ilikuwa na nyumba yake, moto usiozimwa, ng'ombe wake na sadaka zake. Mtu aliyedhulumiwa alikwenda kuilalamikia. Serikali ilipofuta falme mwaka 1967, ngoma ikachukuliwa. Mwaka 1993 falme nyingine zikarudishwa, lakini si ya Ankole, kwa hiyo ngoma ikakosa mfalme wa kuipokea. Na Wanyoro wanakidai kiti cha miguu tisa kinachonasibishwa na Omukama Kabalega, kilichoko Pitt Rivers Museum, Oxford. Vita vya Waingereza dhidi ya Bunyoro vilipamba moto mwaka 1894. Kabalega alikamatwa mwaka 1899, akahamishiwa Visiwa vya Shelisheli, na mwaka 1923 akafia Jinja akiwa njiani kurudi kwao. Hapa hakuna cha kufumbua: inajulikana kiti ni cha nani na kiko wapi.

Mwezi Juni 2024 Cambridge ilileta Kampala vitu 39, kati ya takriban 1,500 vya Uganda ilivyo navyo. Vilikuja kwa mkopo, kwa kuanzia miaka mitatu. Wengi waliuliza, na waliuliza kwa haki, inakuwaje mtu akukopeshe kitu chako. Jibu liko kwenye sheria, na ndilo linaloamua hatima ya karibu kila kitu nilichokitaja. Makumbusho ya vyuo vikuu, kama ya Cambridge na Oxford, yako chini ya vyuo vyenyewe. Chuo kikiamua na kupata idhini ya mamlaka ya taasisi za hisani, kinaweza kurudisha kitu moja kwa moja, kama Kibuuka alivyorudishwa mwaka 1962. Mkopo unaweza kuwa hatua ya kwanza, na kiti cha Kabalega kiko kwenye kundi hili. British Museum imefungwa na sheria ya Bunge ya mwaka 1963, inayowazuia wasimamizi wake kutoa vitu vya mkusanyiko isipokuwa kwa sababu chache sana. Kwa hiyo kichwa cha Luzira, hata wasimamizi wake wakikubali kesho, kinaweza kuja Uganda kwa mkopo tu, mpaka wabunge wa London waibadilishe sheria hiyo.